Mchezo Usio na Refa Hauwezi Kuwa na Mchoraji Mmoja

Kuna jibu moja linalonichosha uwanjani siku hizi: "Programu imeshapanga." Ukiuliza kwa nini ukimbilie pembeni ilhali nafasi iko katikati, unajibiwa hivyo. Ukiuliza kwa nini mtu yuleyule ndiye arushe pasi ya mwisho kila mara, unajibiwa vivyo hivyo. Mimi nasema programu haijapanga lolote. Aliyepanga ni mtu. Mtu huyo ana marafiki zake, ana mazoea yake na ana wale asiowaamini, na hayo yote ameyaingiza kwenye simu kabla hajatutumia mchoro. Katika makala haya nitaonyesha kwamba chombo hiki cha kidijitali ni kizuri, lakini namna tunavyokitumia katika timu yetu ya wanafunzi hapa Kampala inaua kile kilichotuvuta kwenye mchezo wenyewe.

Kwa wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu wasioujua mchezo wa Ultimate Frisbee, nieleze kwa ufupi. Timu mbili za watu saba saba hushindania diski ya plastiki yenye uzito wa gramu 175. Uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho una eneo la kufungia lenye kina cha mita 18. Timu hupata alama mchezaji wake anapoidaka diski akiwa ndani ya eneo inaloshambulia. Mwenye diski haruhusiwi kukimbia nayo. Husimama, mguu mmoja ukibaki palepale, akitafuta wa kumrushia, huku anayemkaba akihesabu kwa sauti kutoka moja hadi kumi. Hesabu ikifika kumi kabla hajarusha, diski inakuwa ya wapinzani. Ikianguka chini, ni yao pia.

Mchezo huu ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Shirikisho lake la dunia, WFDF, liliundwa mwaka 1985, na mwaka 2015 likatambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. La ajabu ni kwamba katika mashindano ya shirikisho hilo, hata kwenye fainali ya dunia, hakuna refa. Ukichezewa rafu, unasema mwenyewe. Aliyekugusa akikubali, mnaendelea. Akikataa, mnaelezana kwa adabu, na mkishindwa kuafikiana diski hurudi kwa aliyeirusha na mchezo ukaendelea kutoka pale. Mechi ikiisha, kila timu huwapa wapinzani wake alama za uungwana katika mambo matano: kujua na kutumia kanuni, rafu na kugusana miili, kutenda haki, mtazamo mwema pamoja na kujizuia, na mawasiliano. Kila jambo hupewa kuanzia sifuri hadi nne.

Naomba msomaji alishike hilo, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Katika mchezo huu, mchezaji wa wiki ya kwanza ni hakimu sawasawa na nahodha. Hawezi kusema "sijui, mwulizeni refa." Lazima aone, afikiri, aseme, na asikilize anapopingwa. Mchezo unamdai akili yake kabla ya kumdai miguu yake.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Ni programu ya simu au ya kompyuta inayoonyesha uwanja kama unautazama kutoka juu. Wachezaji ni vidoti vya rangi mbili. Unakivuta kidoti kwa kidole, unakichorea njia ya kupita, unampa mmoja wao diski, kisha unabonyeza na vidoti vinaanza kutembea. Unaweza kuvisimamisha, kuvirudisha nyuma, au kuutuma mchoro kwenye kundi la WhatsApp.

Sina ugomvi na kazi hiyo. Nitoe mfano wa mpangilio ambao sisi tunauita foleni: wachezaji wanapanga mstari katikati ya uwanja, halafu mmoja mmoja anachomoka kwenda upande ulio wazi. Kosa kubwa la wanaojifunza ni wawili kuchomoka kwa wakati mmoja kuelekea mahali pamoja. Wakifika wamekuja na wakabaji wao wawili, na nafasi iliyokuwa wazi sasa ina watu wanne. Kulieleza jambo hilo kwa mdomo kulikuwa kukituchukua nusu ya mazoezi. Kwenye skrini unaviona vidoti vikigongana, na mara moja unajua nani alipaswa kungoja. Asiyekuwepo mazoezini kwa sababu ya mtihani anaona alichokikosa. Atakayesema chombo hiki hakina faida hajakitumia.

Tatizo ni kwamba chombo kimewekwa mkononi mwa mtu mmoja. Katika timu yetu anayechora ni nahodha, kwenye simu yake, chumbani kwake, usiku. Sisi wengine tunapokea video ya sekunde chache ambayo hatuwezi kuibadilisha. Tunaitazama, tunabonyeza kidole gumba, tunaenda kulala. Kesho yake uwanjani tunapimwa kwa kuulizwa kama tumekariri. Watu ambao mchezo umewapa uhakimu wamegeuzwa kuwa wanafunzi wa kukariri, na sote tunaosoma vyuo vikuu tunajua kukariri kunazaa mtu wa namna gani. Huyo hujibu swali alilolitarajia, na likibadilika kidogo anakwama.

Uwanjani swali hubadilika kila mara. Kwenye skrini hakuna upepo. Ukirusha diski kuukabili upepo inapanda juu, na ukirusha upepo ukiwa mgongoni inazama mapema, kwa hiyo pasi ileile inaangukia mahali tofauti kulingana na upande mnaoshambulia. Kwenye skrini hakuna tope jekundu la Aprili wala la Oktoba, ambalo humfanya anayegeuka ghafla ajikute amekaa chini. Uwanja wa skrini ni tambarare. Kampala ni mji wa vilima, na viwanja vingi tunavyoazima vina mteremko ambao kila mchezaji wa kandanda wa jioni anaujua. Tena viwanja hivyo tunagawana na hao wachezaji wa kandanda, na wakati mwingine na kaloli wanaotembea taratibu kando ya mstari kama wasimamizi wa mtihani. Vidoti vyote vina kasi moja na havichoki. Zaidi ya hayo, mchoro hauhesabu mpaka kumi. Hausikii ile sauti inayopanda mbele ya uso wako, sita, saba, nane, wakati uliyeambiwa umrushie amekabwa na mchoro haukukwambia la kufanya baada ya hapo.

Wakati huo anayeokoa diski ni mtu anayeelewa kwa nini mpango ulichorwa vile. Anajua kwamba lengo lilikuwa kufungua upande wa kulia, kwa hiyo upande huo ukifungwa, wa kushoto lazima uwe umelegea. Ufahamu huo hauji kwa kutazama video. Unakuja kwa kuwa mmoja wa waliobishana wakati mpango unatengenezwa.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi. Timu yetu ni ya mseto. Katika michezo ya mseto, kanuni za kimataifa hupanga wachezaji uwanjani wanne wa jinsia moja na watatu wa jinsia nyingine. Mimi ni msichana. Muhula uliopita nilikaa na michoro kumi na miwili tuliyokuwa tumetumiwa, nikafuata njia ya diski kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Diski ilipita mkononi mwa msichana katika michoro mitatu tu. Katika ile tisa, kazi yetu ilikuwa kukimbia kwenda pembeni ili wakabaji wetu watufuate na kuwaachia wavulana nafasi. Ukiutazama mchoro mmoja peke yake huoni neno, maana kila mpango unahitaji mtu wa kuvuta mkabaji. Ukiitazama yote pamoja unaona kwamba wanaovuta ni walewale, na wanaofunga ni walewale.

Nilipoyasema hayo niliambiwa, "Dada, usiyachukulie kibinafsi, ni vidoti tu." Ndiyo hatari yenyewe. Kumwambia mtu uso kwa uso, "Wewe leo kazi yako ni kukimbia bila kupewa diski," ni kugumu, na huenda ukaulizwa sababu. Kukisogeza kidoti ni kurahisi. Kidoti hakinuni wala hakiulizi. Upendeleo ambao ungeonewa aibu ukitamkwa, ukichorwa unaonekana kama sayansi. Lakini pia nikiri sifa ya chombo: bila michoro ile kuhifadhiwa, nisingekuwa na kitu cha kuhesabu. Ningekuwa na malalamiko tu. Kinachotakiwa basi ni watu wengi zaidi wawe na uwezo wa kuifungua michoro, kuihesabu na kuibadilisha.

Nije sasa kwenye lugha, kwa kuwa ninawaandikia wanafunzi wa Kiswahili. Programu hizi tunazozipata zimejaa maneno ya Kiingereza, na anayechora huyachukua kama yalivyo. Timu yetu ina Waganda wa magharibi na wa kaskazini, ina Wakongomani, Wakenya, na wenzetu wa Sudan Kusini. Waliosoma shule za Kiingereza kizuri wanakisoma kile kilichoandikwa chini ya mchoro na kucheka pamoja na nahodha. Waliosoma kwa Kifaransa wanaitikia kwa kichwa. Mtu anayeitikia kwa kichwa hawezi kubisha, na asiyeweza kubisha, katika mchezo huu, si mchezaji kamili.

Najua historia ya Kiswahili hapa kwetu. Wengi wa wazazi wetu walikisikia kwanza kutoka kwa askari, kikiwa lugha ya amri. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakukipunguzia sifa hiyo mbaya. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kama somo la lazima shuleni, lakini bado ukikizungumza kwenye taksi kuna atakayekugeukia kama umetoa bunduki. Kwa hiyo nawaomba wenzangu waangalie kinachotokea uwanjani kwetu. Amri zinakuja kwa Kiingereza, zikiwa na mishale na rangi. Kiswahili ndicho watu wanachotumia pembeni wanapoulizana, "Hapa anamaanisha nini? Na huyu akikabwa je?" Katika timu yetu lugha ya askari imekuwa lugha ya maswali. Hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa chini ya mchoro.

Tena maneno tunayo. Tunasema kukaba, kuchomoka, pasi ya nyuma, pasi ndefu. Foleni kila mkazi wa Kampala anaijua kwa mateso yake. Wachezaji wapya waliwahi kuupa mpango mmoja jina la Kibuye, kwa sababu watatu wanazungukana kama magari kwenye mzunguko ule kabla ya mmoja kutoka, na mwingine wakauita Wandegeya, kwa sababu wote wanakutana katikati halafu wanatawanyika pande nne. Majina hayo hayakuhitaji kukaririwa. Ukisikia "Kibuye!" mwili unakumbuka wenyewe. Kwenye simu ya nahodha mipango hiyohiyo inaitwa namba nne na namba saba, na kila wiki kuna anayezichanganya.

Sitaacha suala la fedha. Video zinakula bando, na tangu Julai 2021 serikali inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, tulikuwa tukilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kwa mwanafunzi anayechagua kati ya bando na rolex ya jioni, "nimekutumia kwenye kundi" si sawa na "nimekwambia." Timu inayofundishwa kwa video pekee imeshawagawa wachezaji wake kabla hawajafunga viatu.

Wanaonipinga wana hoja, nami nitazijibu. Wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, lakini inazungumzia chombo kikiwa baharini. Diski ikiwa hewani, naam, sauti iwe moja, na nahodha akiita mpango tuufuate bila mjadala. Methali haikusema chombo chenyewe kichongwe na mtu mmoja usiku, abiria wasiulizwe wanakwenda wapi.

Wanasema pia kwamba timu kubwa za ng'ambo zina makocha wanaochora, na wachezaji wanatii. Huenda ni hivyo. Lakini ligi ya kulipwa ya Marekani, iliyoanza kuchezwa mwaka 2012, ina hata marefa wenye filimbi. Kule mchezaji analipwa atekeleze. Sisi hatulipwi na mtu. Tunakuja mazoezini baada ya mihadhara, kwa nauli zetu wenyewe, kwa sababu kuna mahali pamoja katika wiki ambapo neno letu lina uzito. Mkituondolea hilo, msishangae tukibaki kumi.

Hoja yao ya tatu ni kwamba kushirikisha wote kunapoteza muda. Nawauliza: ni muda gani unaopotea zaidi kuliko ule wa kurudia mara tano mpango ambao watu sita hawakuuelewa na waliona haya kusema?

Basi ninataka nini? Kwanza, akaunti ya programu iwe ya timu, na kila mchezaji aweze kuufungua mchoro na kuubadilisha. Pili, kila wiki achore mtu mwingine, na zamu ianzie kwa wageni, kwa kuwa wao bado wanashangazwa na mambo ambayo sisi tumeshayazoea. Tatu, kila mpango uwe na jina la Kiswahili au la mahali tunapopajua, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Nne, kila mwezi tuhesabu diski imepita kwa nani, hesabu isomwe mbele ya wote. Tano, mpango usifike kwenye simu kabla haujapita chini.

Hilo la tano nalieleza. Wazee wanaocheza mweso wana ubao wa mashimo 32 na kete 64, na mara nyingi utakuta watazamaji wamewazunguka, kila mmoja na maoni yake kuhusu kete inayofuata. Ubao uko wazi, mikono yote inaufikia. Nasi tunaweza kuchukua vizibo kumi na vinne vya soda, saba vyekundu na saba vyeusi, tukavipanga kwenye udongo kando ya uwanja. Atakayesema "hapa nitakabwa" anakisogeza kizibo mwenyewe na kuonyesha. Mwingine anakirudisha na kutoa sababu yake. Tukishaafikiana, mmoja aunakili mchoro kwenye programu, na hapo chombo kitafanya kile kinachokiweza vizuri, yaani kukumbuka, kurudia, na kumwonyesha aliyekosa kuja. Wasio na bando waupige picha au wauchore kwenye daftari.

Haya si ya uwanjani pekee. Sisi tunaosoma leo tutaingia katika ofisi, shule na wizara ambako tutaambiwa kila siku kwamba mfumo umeshaamua: mfumo wa mikopo, mfumo wa kuajiri, mfumo wa kupanga walimu wilayani. Aliyezoea kuuliza "nani aliuchora, na je, naweza kuubadilisha?" akiwa na miaka ishirini, hatalisahau swali hilo akiwa na arobaini.

Kwa nahodha wetu, ambaye najua atayasoma haya: hatukudai ujiuzulu, wala hatusemi huna kipaji. Michoro yako mingine ni mizuri kuliko yeyote kati yetu angeweza kuchora peke yake. Tunachokuomba ni kwamba mazoezi yajayo uiweke simu kwenye nyasi, katikati yetu, ikiwa imefunguliwa, na umpe kidole cha kwanza yule Mkongomani aliyejiunga wiki iliyopita. Akisogeza kidoti vibaya, mwambie kwa nini. Akikisogeza vizuri, jifunze naye.